Somo, hiyo simu ya kukunja iache kwanza

Kariakoo, Dar es Salaam
1 Februari 2026

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, pamoja na picha uliyopiga dukani huko Maskati. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila joto la mwezi huu halina adabu; feni ya kibandani inazungusha hewa ya moto tu. Mama anakusalimu, anauliza kama bado unakula wali kwa kijiko.

Swali lako nalijibu hapa hapa juu, usije ukaruka mistari kulitafuta: simu ya kukunja, hii ambayo kioo chenyewe kinajikunja katikati, usinunue sasa. Kama umeshalipa, Mungu akujalie nayo kheri, lakini usije nayo Dar ukisema fundi ninaye, atanitengenezea. Sitaweza. Sasa kaa nikueleze, maana wewe tangu madrasa jibu fupi hujawahi kulikubali.

Hiyo uliyoipiga picha, Galaxy Z Fold7 ya Samsung, ilipotangazwa Julai 2025 bei yake Marekani ilianzia dola 1,999. Ukizigeuza ni karibu riali 770 zenu, na kwetu ni kama milioni tano. Itaje bei hiyo hapa mtaa wa Aggrey uone watu wanavyojigawa bila kupangwa. Kuna wanaocheka: milioni tano si bodaboda mpya hiyo, na ya bima inabaki? Kuna wanaokaa kimya, kisha wananyoosha mkono: hebu nione. Juzi mteja aliniachia ya kwake mezani nimbadilishie protekta ya kioo cha nje. Jirani yangu, mzee mmoja anayeuza vitenge, akaichukua. Akaifunua, akaifunga, akausikiliza ule mlio wa tap, akaifunua tena. Simu ilikuwa imezimwa, hakuona kitu ndani, wala hakuwa na haja ya kuona. Akairudisha kwa mikono miwili, akasema, "Wazungu wana kazi." Nikamwambia hao ni Wakorea. Akasema, "Hao hao."

Ndivyo watu walivyo na hii bidhaa: mkononi wanaipenda, mfukoni wanaikataa. Na si huku kwetu tu, kwenye shida ya hela. Imeshatimiza miaka saba sokoni, na bado katika kila simu janja mia zinazouzwa duniani, za kukunja hazifiki mbili.

Wa kwanza kuiuza hakuwa Samsung wala Huawei. Ilikuwa kampuni ya Shenzhen iitwayo Royole, iliyotoa FlexPai mwishoni mwa 2018, ikawawahi wakubwa wote. Leo Royole imeshafilisika na hakuna anayeitaja. Wakubwa walikuja Februari 2019, na hapo ndipo utamu ulipoanza. Tarehe 20 Samsung wakaonyesha Galaxy Fold San Francisco, dola 1,980. Siku nne baadaye Huawei wakapanda jukwaani Barcelona na Mate X, euro 2,299, ya kwao inakunjwa kwa nje, kioo kinabaki wazi pande zote mbili. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na simu iliyo tayari kuuzwa. Kila mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake.

Samsung wakaharakisha. Aprili wakawagawia waandishi wa habari simu za kujaribu, na ndani ya siku chache zikaanza kufa. Kuna walioona utando wa plastiki juu ya kioo wakadhani ni ile karatasi ya dukani, wakaubandua, kioo kikazima. Mwingine uchafu ulimwingilia chini ya kioo kikavimba. Uzinduzi wa tarehe 26 Aprili ukafutwa, simu ikarudi kiwandani kuzibwa matundu, ikatoka Septemba. Bosi wa simu wa Samsung wakati huo, DJ Koh, baadaye alikiri mbele ya waandishi kwamba ilikuwa aibu na kwamba aliisukuma kabla haijawa tayari. Nilimheshimu kwa hilo. Wakubwa wa kampuni kusema hivyo ni nadra. Huawei nao Mei mwaka huo huo walifungiwa na Marekani, Mate X ikaja kuuzwa China mwezi Novemba bila huduma za Google.

Nakwambia habari za 2019 kwa sababu ule utando bado upo, na bado unatuletea wateja. Juu ya kioo cha ndani kuna plastiki laini. Kioo chenyewe chini yake ni chembamba mno, kwenye Z Flip ya Samsung ya 2020 ilitajwa mikroni 30, yaani milimita 0.03. Ukucha ukikazana unaacha alama. Baada ya mwaka hivi utando unaanza kunyanyuka pale kwenye mkunjo, kwanza kipovu kidogo katikati, kisha mstari mweupe kutoka juu hadi chini. Alikuja dada mmoja hapa, kampuni siitaji, simu ameinunua mkononi kwa mtu kwa bei aliyoiona nafuu. Kile kipovu kilimkera, akakivuta kwa ukucha akiwa kwenye daladala, akauondoa utando wote. Alipofika kwangu nusu ya kioo ilikuwa nyeusi, na katikati umesimama mstari wa kijani. Nikampigia simu mwenye vipuri. Kioo cha ndani hakiuzwi peke yake, kinakuja na fremu na bawaba zake, na bei aliyonitajia ilikaribia ile aliyonunulia simu. Dada akauliza, "Sasa nikitumia kioo cha nje tu?" Nikamwambia inawezekana. Anaitumia hivyo hadi leo, imefungwa daima, simu nene kama chapati mbili zilizobandikana.

Hapo ndipo ninapotaka unielewe, somo. Ushindani wote wa hizi kampuni uko upande wa kuuza. Upande wa kutengeneza hakuna anayeshindana na mtu.

Mfano mzuri ni mwaka jana. Februari Oppo walitoa Find N5, milimita 8.93 ikiwa imekunjwa, wakajiita wembamba kuliko wote. Tarehe 2 Julai Honor wakaja na Magic V5, milimita 8.8. Lakini hizo 8.8 ni za rangi moja tu, ile nyeupe. Rangi nyingine ni 9.0. Wiki moja baadaye Samsung nao hao, 8.9. Watu wazima wenye shahada zao wanagombania sehemu ya kumi ya milimita, tena mmoja anashinda kwa rangi! Sisemi wembamba hauna maana. Galaxy Fold ya kwanza ikikunjwa ilizidi milimita 15, mfukoni ni tofali, na watu walilalamika kwa haki. Ndiyo maana Fold7 ilipopunguzwa, Wakorea waliiagiza kwelikweli: ikichanganywa na mdogo wake Flip7, oda za mwanzo Korea Kusini zilifika milioni 1.04, rekodi yao, na ile ya bei kubwa ndiyo iliyobeba kama asilimia 60. Mtu akisikilizwa analipa, hilo sina ubishi nalo. Ila angalia wembamba huo ulilipiwa na nini. Kalamu ya S Pen imeondolewa, haifanyi kazi tena kwenye Fold. Betri imebaki 4,400 ile ile ya tangu Fold3 ya 2021, wakati Honor kwenye mwili mwembamba vile vile wameweka zaidi ya 5,800. Bei ikapanda dola mia juu ya ile ya mwaka uliotangulia.

Na vumbi? Mtu anayeishi kati ya mchanga wa Maskati na mchanga wa Kigamboni lazima aulize. Kwenye sanduku la Fold7 imeandikwa IP48. Hiyo 8 ni ya maji, iko vizuri. Hiyo 4 ni ya vumbi, na maana yake inazuia vitu vya kuanzia milimita moja kwenda juu. Chukua chembe ya mchanga wa pwani uiangalie kwenye kiganja chako halafu uniambie ni milimita ngapi. Google wamefika IP68 kwenye Pixel 10 Pro Fold mwaka jana, wa kwanza kwa simu za mtindo huu, na hilo nawapigia makofi. Lakini simu yao ni nzito na nene kuliko za wenzao, kwa hiyo kwenye matangazo ya milimita hawasikiki.

Mshindani ninayemfuatilia kwa mapenzi zaidi ni Huawei. Walifungiwa, wakanyimwa Google, wakanyimwa chipu, na bado Septemba 2024 wakatoa Mate XT inayokunjwa mara tatu. Tarehe 9 Apple walionyesha iPhone 16 California. Kesho yake, saa chache tu baadaye, Huawei wakapanda jukwaani kwao na Mate XT ya yuani 19,999, kama dola 2,800. Watu zaidi ya milioni tatu walikuwa wameshajiandikisha kuitaka kabla hata bei haijatajwa. Kumbuka kujiandikisha kulikuwa bure, na bure hata mimi ningejiandikisha. Simu zote mbili zikaingia madukani China siku moja, 20 Septemba. Picha ilikuwa tamu: duka hili foleni, duka lile foleni, kila mtu anatazama ya mwenzake. Samsung wakajibu Desemba iliyopita na Galaxy Z TriFold, nayo mikunjo miwili, kioo cha inchi 10.

Sasa sikia ile ya kwetu mafundi. Huawei wenyewe waliitangaza bei ya kubadilisha kioo cha Mate XT: yuani 7,999. iPhone 16 nzima, mpya, ndani ya sanduku lake, China ilianzia yuani 5,999. Yaani ukivunja kioo cha ile, ukaiacha ilivyo, ukanunua hii, chenji unarudishiwa. Niliisoma nikacheka mpaka mzee wa vitenge akaja kuuliza kuna nini.

Hao Apple wenyewe hawajatoa ya kukunja hadi leo ninapokuandikia. Kila mwaka fununu. Samsung wanawatania mtandaoni, 2022 waliandika "mtuambie itakapokunjwa", na 2024 wakairudia kwamba bado wanasubiri. Kinachochekesha ni kwamba tangu iPhone X ya 2017, vioo vingi vya OLED (vile vinavyojitolea mwanga vyenyewe) vya Apple vinatoka kwa hao hao Samsung, kampuni yao ya vioo. Mchana wanatukanana, usiku wanauziana. Kwa hiyo wewe na shemeji yako mkibishana huko kibarazani, yeye Apple, wewe Samsung, jueni kwamba hela zenu zinaweza kukutana Korea kabla ya Ijumaa.

Wanaoshusha bei kweli ni wale tuliowazoea huku. Transsion ya Shenzhen, wenye Tecno, Infinix na Itel, waliingia Barcelona Februari 2023 na Phantom V Fold, na toleo la pili la Septemba 2024 lilitajwa dola 1,099. Ile inayofungwa kama zile Motorola za zamani, Phantom V Flip2, dola 699. Bado si hela ya kuokota, lakini ni kama nusu ya wakubwa. Nimezishika, kamera zake ni za kawaida na kunyanzi la katikati linaonekana ukiinamisha kidogo, lakini bawaba ni ngumu na inasimama unapotaka isimame. Kasoro yake kwangu ni ile ile: kioo cha ndani hakipatikani. Kioo cha Tecno ya kawaida nakipata hapa nyuma ya jengo kabla chai haijapoa. Cha kukunja, mpaka atokee mtu ambaye ya kwake imekufa upande mwingine.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama ni kioo kikubwa cha kusomea Qur'ani na kuangalia mpira, nunua kishkwambi cha kawaida na simu ya kawaida, vyote viwili kwa hizo riali 770 utarudi nyumbani na chenji. Kama ni moyo tu umependa, nao moyo una haki yake, basi subiri hiyo hiyo Fold7 ishuke, maana simu hizi zikitoka mkono wa kwanza bei inaporomoka kuliko za kawaida. Na unapoinunua, muulize muuzaji bei ya kioo cha ndani mbele yako, akuandikie kwenye risiti kama ipo dhamana ya kioo hicho na ya muda gani. Akianza kukwambia habari za kamera, ondoka.

Ukija kwa Idi niletee seti ya bisibisi ndogo, zile za ncha ya nyota, za hapa siku hizi zinapinda kabla skrubu haijalegea. Bei nitumie mapema nikuwekee. Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Somo