Risala ya wanakikundi tulio kwenye tiba ya methadoni kwa mgeni rasmi, Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, waganga, wauguzi na maofisa ustawi wa jamii, wazazi wetu, na ndugu tunaopanga nao foleni dirishani kila asubuhi: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuja kukaa nasi. Wageni wengi hutujia tarehe 26 Juni, siku ya kupiga vita dawa za kulevya. Sisi tumekuomba uje leo, tarehe 10 Septemba, kwa sababu tumezika.

Tangu tiba ya methadoni, dawa ya kunywa inayomsaidia mtu kuacha heroini, ianze Muhimbili mwaka 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, watu wengi wameachana na unga, yaani hiyo heroini, na sisi tukiwamo. Dawa tunapewa bure, tunainywa mbele ya mhudumu, arosto, yale mateso ya kukosa unga, inatulia. Hayo yanajulikana. Yanayokuja baada ya arosto kutulia ndiyo hayasemwi.

Ukiwa kwenye unga, Mheshimiwa, siku nzima ni kutafuta kete. Humkumbuki mama uliyemwibia, wala mtoto wako anayekuita mjomba kwa kuwa hakujui. Ukianza tiba, usingizi unarudi, akili inarudi, na hayo yote yanakurudia kwa mpigo. Nyumbani bado unaitwa teja. Simu ikipotea, mifuko yako ndiyo inayopekuliwa kwanza. Kazi hakuna. Ni wiki hizohizo, majirani wakisema "huyu sasa kapona", ambapo baadhi yetu huwaza kujiua.

Mwenzetu tuliyemzika alikosa dawa siku kadhaa kwa kukosa nauli. Aliporudi alifokewa mbele ya foleni, akaondoka hajanywa. Hatukumfuata, tulidhani amerudi maskani, kijiweni kwa wanaotumia unga. Msibani ikasemwa alizidisha unga, na huenda ni kweli, maana mwili uliopumzika hauhimili tena kiasi cha zamani. Lakini wiki moja kabla alikuwa amegawa viatu vyake na kumwomba rafiki amwangalizie mwanawe. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kwetu sisi, kuzidisha kwa bahati mbaya na kuamua kufa ni mambo yanayokaribiana mno, na tunaona uchungu kwamba tulilijua hilo tukanyamaza.

Tangu hapo, asiyeonekana dirishani asubuhi, jioni yake wawili kati yetu wanakwenda kwao. Tunamuuliza waziwazi: "Unawaza kujiua?" Wazazi huogopa kwamba kuuliza ni kumtia mtu wazo hilo. Sivyo, wazazi wetu. Wataalamu wa afya ya akili wanatuhimiza tuulize, nasi tumeona: mtu akiulizwa kwa upole hushusha pumzi, hulia, kisha husema.

Mheshimiwa, tunaomba swali hilo liulizwe kliniki siku ya kwanza ya tiba, na liulizwe tena kila mtu anapokosa dawa au anapotoka rumande. Dozi isiwe fimbo ya kumwadhibia mgonjwa. Tunaomba msaada wa nauli kwa wanaotoka mbali, na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha, ifike maskani, kwa kuwa huko ndiko watu wanakozimikia.

Jingine ni zito kuliko uwezo wa wilaya, ila tunaomba utufikishie. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kwa majirani zetu Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka Katiba. Hapa kwetu mtu huokolewa, akafika hospitali, akadanganya kilichompata kwa hofu ya kukamatwa. Daktari atamtibu nini?

Na wewe uliyekaa hapa leo ukiwa na wazo hilo moyoni: maofisa ustawi wako kwenye meza ile chini ya mwembe. Ukishindwa kwenda peke yako, nishike mkono nikishuka hapa, twende wote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.