Wazee huanguka ndani, si njiani tu

Mheshimiwa Mhariri,

Nimesoma habari yenu juu ya wazee wanaovunjika mifupa hapa Bukavu. Mmelaumu vilima na matope ya mtaa wa Kadutu, na ni kweli, mvua ikinyesha hata kijana anateleza. Lakini mzee haangukii njiani tu. Mama yangu, mwenye miaka 74, alivunjika nyonga kati ya kitanda na mlango: usiku, umeme umekatika, amevaa kandambili zilizolika soli, na beseni la maji tuliloliacha sisi wenyewe pale anapopita. Majirani wakasema ni uzee. Beseni je?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Giza, sakafu yenye maji na ngazi isiyo na pa kushika vinaondoleka. Hata dawa za presha huweza kumletea mzee kizunguzungu akisimama ghafla. Akae kwanza kitandani, ndipo ainuke.

Naomba wakuu wa avenyi, yaani wa barabara za mtaani, na wahamasishaji wa afya, ambao tayari hupita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo, wachungulie pia njia ya kwenda chooni. Mti wa mkaratusi uliopigiliwa vizuri kando ya ngazi unatosha kushikia. Tochi iwe chini ya mto, na muuguzi aulizwe kuhusu dawa.

Msomaji wenu,
Bukavu