Barua kwa Mwanangu: Jua Tunaloliona ni Tabaka Moja Tu

Arua

Mwanangu Salma,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Mama yako hajambo, na bibi kila Ijumaa anauliza shule zinafungwa lini. Shangazi yako ameniambia kwenye simu kwamba mmepewa kazi ya kuchora jua na sehemu zake, nawe umekwama: kitu kinachong'aa namna ile kitakuwaje na sehemu? Ningeweza kukujibu kwenye simu, lakini jambo hili silipendi liende haraka haraka. Kazi yangu unaijua. Kutwa niko juu ya mabati ya watu nafunga paneli za sola, na karo yako inatokana na jua. Kwa hiyo nimelisoma kwa miaka mingi, na nafurahi sana kwamba sasa umeniuliza wewe.

Kwanza, ondoa kichwani kwamba jua ni moto. Moto wa mkaa unahitaji oksijeni, na mkaa huisha. Jua lingekuwa rundo la mkaa unaowaka, lingezimika baada ya miaka elfu chache, na umri wake ni miaka bilioni 4.6. Jua ni gesi, hidrojeni kwa wingi na heliamu, yenye joto kali mno hata atomi zake zimevunjika vipande. Gesi ya namna hiyo inaitwa plazima. Hakuna ardhi ya kukanyaga huko. Uzito wake wenyewe ndio unaoivuta yote pamoja ikawa tufe. Na ni tufe kubwa: ukipanga dunia zetu 109 kwa mstari, ndipo utakapotoka upande mmoja wa jua hadi wa pili.

Sasa chora ukianzia katikati. Hapo ndipo penye kiini, chenye joto la nyuzi milioni 15 za Selsiasi. Hidrojeni imebanwa pale kwa nguvu kiasi kwamba viini vya atomi vinagongana na kuungana, vinakuwa heliamu. Kila sekunde tani milioni 600 hivi za hidrojeni zinaungana, na katika hizo, tani kama milioni 4 hazibaki kuwa kitu cha kupimwa kwenye mizani. Zinageuka nishati. Mwanga wote na joto lote tunalolijua linaanzia hapo.

Lakini nishati hiyo haitoki mara moja. Nje ya kiini kuna ukanda wa mnururisho, mnene na uliosongamana. Mwanga unagonga chembe, unarushwa kando, unagonga nyingine, unarudishwa nyuma. Safari hiyo huchukua makumi ya maelfu ya miaka, na hesabu nyingine zinapita miaka 100,000. Halafu ukishatoka juani, unaifikia dunia kwa dakika 8 na sekunde 20 tu! Mimi nikishafunga nyaya, naweka mita kwenye paneli na kuisoma. Saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, mita moja ya mraba inapokea karibu wati 1,000, na paneli nzuri inageuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme. Wingu likipita, namba zinashuka papo hapo. Nikiziona zikipanda tena, nakumbuka kwamba nishati inayochaji betri ya mtu hapa Arua ilianza safari zamani hizo, kabla hakujawa na mji wowote duniani.

Juu ya ukanda huo kuna ukanda wa myuko, unene wake kilomita 200,000 hivi. Mwangalie bibi akipika uji: ulio moto unapanda katikati, unapoa juu, unashuka pembeni, unapanda tena. Plazima inafanya hivyo hivyo. Darubini maalumu zinaonyesha uso wa jua umejaa chembechembe zinazochemka, kila moja upana wake kama kilomita 1,000, na nyingi hazimalizi dakika 20 kabla ya kufifia na nyingine kushika nafasi yake.

Uso huo unaitwa fotosfera. Una joto la nyuzi 5,500 hivi, na unene wake ni kilomita 500 tu au pungufu. Mwanga tunaouona karibu wote unatoka kwenye utando huo mwembamba, na ndio watu wengi wanaouita jua. Hapa usisahau kuchora madoa. Kwa kuwa jua ni gesi, halizunguki lote kwa mwendo mmoja: kwenye ikweta yake hukamilisha mzunguko kwa siku 25 hivi, karibu na ncha zake kwa siku 35 hivi. Nguvu za sumaku zilizomo zinajisokota, na pale zinapochomoza nje zinazuia joto la chini lisipande. Pale pakipoa kidogo, panaonekana peusi. Doa kubwa linaweza kumeza dunia yetu nzima. Madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, na yakizidi, milipuko ya jua nayo huzidi.

Bado kuna tabaka mbili za nje, kromosfera na korona. Hizi hatuzioni kila siku kwa sababu mwanga wa fotosfera unazifunika. Ili uzione kwa macho, sharti mwezi uizibe fotosfera, na Mungu ametupa bahati hiyo hapa hapa Uganda. Njia yako ya shule inapita mahali pawili pa historia hiyo. Basi likivuka Nile pale Pakwach, ujue tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa kabisa hapo, jioni, na watu walikuja kutoka nchi za mbali kulitazama. Nami nilikuwepo, wewe hujazaliwa. Zilikuwa sekunde chache tu. Mwezi ulibaki duara jeusi, ukingoni uzi mwembamba wa waridi, hiyo ndiyo kromosfera, na kuzunguka yote mwanga mweupe uliotawanyika, hiyo ndiyo korona. Ukikaribia Mbarara utapita Biharwe, penye mnara wa ukumbusho wa kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Inasimuliwa kwamba mfalme wa Bunyoro alikuwa akirudi na ng'ombe aliowateka, giza likaingia mchana, akakimbia na kuwaacha.

Korona ina jambo la ajabu. Ukitoka kwenye jiko unategemea joto lipungue, lakini korona ina nyuzi zaidi ya milioni moja, wakati uso ulio chini yake una 5,500. Wanasayansi wengi wanaona sababu ni nguvu zile zile za sumaku, na mjadala unaendelea. Kutoka kwenye korona hutoka upepo wa jua, chembe zinazotawanyika kuzipita sayari zote. Marekani ilirusha chombo kiitwacho Parker Solar Probe mwaka 2018, na tarehe 24 Desemba 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka usoni mwa jua.

Usilitazame jua moja kwa moja, mwanangu. Si kwa miwani ya kawaida, si kwa filamu za eksirei. Jicho haliumi linapoungua, na hapo ndipo hatari ilipo. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa Luxor, Misri, na Uganda tutaona sehemu yake, kwa hiyo anza mapema kujizoeza kulitazama kwa njia salama, hivi.

Toboa tundu dogo kwa sindano kwenye karatasi ngumu. Lipe jua mgongo, inua karatasi, uache mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe iliyo kivulini, mita 2 kutoka kwenye tundu. Utaona kiduara. Hiyo ni picha ya jua lenyewe. Mwambie shangazi akushikie, nawe upime upana wake kwa rula. Gawanya sentimita utakazopata kwa 200, kisha zidisha kwa 150,000,000, ambazo ndizo kilomita kati yetu na jua. Jibu lako ni upana wa jua kwa kilomita. Halafu chukua upana wa dunia, kilomita 12,742, uzidishe kwa 109, ulinganishe majibu mawili. Yakitofautiana kidogo usijali, tundu la sindano halichori ukingo mkali. Pima mara kadhaa, uniandikie namba zote, hata zile unazodhani umekosea.

Ni mimi baba yako