Nimetimiza hamsini mara mbili

Mhariri,

Gazeti lako nalitumia mara mbili. Asubuhi nalisoma, jioni nalilaza mezani nakatia kipimo cha kola. Kwa hiyo ukurasa wa salamu za kuzaliwa naujua kwa macho na kwa mkasi, na miaka yote hii sura ninazozikuta pale ni za watoto. Huyu katimiza mwaka, huyu mitatu, huyu kavishwa miwani ya jua na kofia ya karatasi. Sijawahi kupitisha mkasi kwenye sura ya mtu aliyetimiza miaka hamsini. Mimi nimeitimiza, tena mara mbili ndani ya miezi minane, ndiyo maana naomba nafasi leo.

Ni fundi cherehani hapa Makambako, mkoani Njombe. Kitambulisho cha taifa kinasema nimezaliwa tarehe 1 Julai 1975. Wasomaji wa rika langu watacheka, maana nusu ya darasa letu tulizaliwa siku hiyo. Mwaka 1984 tulipopelekwa kuandikishwa shule, mwalimu alitusimamisha mstari, kila mmoja apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Aliyelifikia amekua, aende darasa la kwanza. Asiyelifikia arudi nyumbani akale ugali. Kisha akawauliza wazazi mwaka. Mama akajibu, "Siku za reli." Mwalimu akaandika 1975, na kwa tarehe akaweka katikati ya mwaka, asimkosee mtu sana.

Mama hesabu yake ni nyingine. Baba alikuwa kibarua wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, alibeba kokoto pamoja na Wachina katika kipande kile cha kupandisha kutoka Mlimba kuja huku juu. Treni za majaribio zilianza kupita Oktoba 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Mama anasema nilizaliwa katika mvua za kwanza tangu treni ianze kupita, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Cheti cha ubatizo kinamuunga mkono: nimebatizwa Pasaka, tarehe 18 Aprili 1976, na kwenye nafasi ya kuzaliwa katekista ameandika neno moja tu, "Februari". Tarehe hakuna. Sisi tulizaliwa, mhariri, ila siku ya kuzaliwa hatukuwa nayo.

Basi hamsini ya serikali ilinikuta Julai mwaka jana. Saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia, benki inanipongeza kwa jina. Binti yangu akauona ujumbe, akawapigia vijana wangu wawili wa dukani. Mimi nikafungua duka bila habari, nikaketi, nikaanza kuchora suruali ya bwana harusi mmoja. Nikamwagiwa ndoo mbili.

Anayeijua Makambako ya mwezi wa saba anaelewa nasema nini. Huku Julai tunavaa sweta juu ya sweta, na maji ya bombani asubuhi yanauma kama nyigu. Nilipiga ukelele ambao mama lishe wa jirani anauigiza mpaka leo. Chaki yote ikayeyuka kwenye kitambaa, bwana harusi akaitwa kupimwa upya. Alipofika, kijana wa miaka ishirini na saba hivi, akasema, "Shikamoo mzee, hongera, mbona huonekani hamsini?" Nikaitikia marahaba nikiwa natetemeka. Sikujua nishukuru kwa lile la pili au ninune kwa lile la kwanza.

Keki ilikuwa nzuri lakini. Nililishwa na wote, na nikalia kidogo nikasingizia baridi.

Kazi yangu inanionyesha umri wa watu kabla wao hawajauona. Nina madaftari ya vipimo tangu mwaka 1999. Kuna mwalimu mmoja, mteja wa miaka mingi, kiuno chake mwaka 2001 kilikuwa inchi 29. Mwaka jana nilimpima 38. Akanitazama akasema, "Fundi, futi yako imesinyaa." Nikamjibu kweli imesinyaa, nitanunua nyingine. Ndivyo tunavyoishi. Mke wake alifanya jubilei yake ya hamsini Desemba, akaniletea kitenge cha sare za kamati nzima, nguo kumi na nne, na akanisihi niache pindo la ndani la kutosha, "maana hatujui mwakani". Juu ya keki, badala ya namba, aliweka mshumaa wenye alama ya kuuliza. Watu walicheka sana. Nami nilicheka, nilikuwa nimeshalipwa.

Kwangu mimi habari ilianzia machoni. Zamani nilitunga uzi kwenye sindano huku nikiongea na mteja, bila hata kuangalia vizuri. Nilipofika arobaini na sita hivi nikaanza kusogeza sindano mbali, mkono ukanyooka mpaka ukaisha. Nikalaumu uzi. Nikalaumu taa. Nikabadilisha taa, nikahamia dirishani, na bado nikawa nalamba uzi mara sita. Mwisho nikanunua miwani ya kusomea kwa mmachinga pale stendi, namba mbili, shilingi elfu tano, na siku ile nikauona mshono wangu wa miaka miwili iliyopita. Sitasema nilichokiona. Wateja wa kipindi hicho wanisamehe.

Kuna jambo lingine nimelitafakari nikiwa kwenye cherehani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Kijana, kwa sera ya vijana, anaishia 35. Ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi imegawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwanaume wa hamsini mwenye viungo vyake vyote hayumo. Silalamiki, mikopo yenyewe naiogopa. Nauliza tu sisi tunaitwaje. Mtumishi wa umma angalau ana hesabu yake: hamsini na tano anaweza kustaafu kwa hiari, sitini ni lazima. Fundi cherehani anastaafu siku mguu ukigoma kukanyaga. Kiswahili kina neno, "mtu wa makamo", lakini sijasikia hata mmoja akijitambulisha hivyo. Neno hilo nalisikia redioni polisi wanapotangaza mwili uliookotwa, "mwanaume wa makamo, amevaa shati jeupe".

Tulikuwa hatujamaliza hata mihula miwili ya darasa la kwanza Sokoine alipofariki, tarehe 12 Aprili 1984. Nakumbuka mwalimu aliyetushikisha masikio akiwa amesimama mlangoni na kitambaa usoni, na redio ya mwalimu mkuu ikipiga nyimbo za maombolezo siku nzima. Kwetu alikuwa mzee. Waziri Mkuu, angekuwaje kijana? Juzijuzi nimepiga hesabu: alikuwa na miaka 45. Mimi leo ningemwita mdogo wangu. Nilipoligundua hilo nilisimamisha cherehani.

Maana kuna mwingine niliyempita.

Baba alifariki Agosti 1994. Kwenye msalaba tuliandika 1945–1994, na ingawa ule 1945 nao ni wa kukadiria, ndio tulionao. Arobaini na tisa. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilichorithi ni koti lake la mtumba, la sufu nzito, rangi ya majivu, alilolinunua mwaka 1987 enzi za ruksa za Rais Mwinyi, nguo hizo bado zikiitwa kafa Ulaya. Mama alinivisha siku ya arobaini, likaning'inia kama limetundikwa kwenye mti. Kifua 42, mimi nilikuwa 36.

Nimekuwa fundi kwa zaidi ya robo karne na sijawahi kuligusa. Kulikaba koti lile, yaani kulipunguza limkae mtu, ni kazi ya saa tatu. Nimewakabia watu makoti ya marehemu baba zao mengi tu, wengine wakalia mbele yangu nikawapa kiti. Langu nililiacha kwenye mfuko wa nailoni na vipande vya sabuni kuzuia nondo.

Hamsini ya mama ilikuwa Februari mwaka huu. Kwa kuwa tarehe haijulikani, nilichagua Jumamosi ya mwisho, tarehe 28, nikijua kuwa kufikia jioni ya siku hiyo hamsini itakuwa imenipita kwa vyovyote. Mwanangu wa kidato cha tatu akanikumbusha kuwa Februari ya 1976 ilikuwa na siku 29. Kwa hiyo hata hapo sina uhakika. Nilimwambia akasome.

Asubuhi ile nilimwambia kijana wangu anipime. Alidhani natania. Akapitisha futi, akaandika daftarini: kifua 42, bega 18. Nikalitoa koti, nikalivaa. Limekaa. Mabegani limekaa kama nililikata mwenyewe. Mikono tu ndiyo ilikuwa mifupi, nusu inchi hivi, nikasimama pale mbele ya kioo cha wateja nikiangalia ile nusu inchi. Miaka yote nimemkumbuka baba kama mtu mrefu. Kumbe nimemzidi.

Sebuleni kwangu kuna picha yake ya studio, mkono mmoja juu ya kiti, redio kando ambayo haikuwa yake. Tangu utoto wao nimewafundisha watoto kumwamkia babu wanapopita. Asubuhi ile nami nilipita hapo, mdomo ukafunguka, na shikamoo ikagoma kutoka. Anayepaswa kumwamkia mwenzake ni nani? Yeye ana arobaini na tisa. Kijijini ningemkuta mtu wa umri huo ningesubiri aanze yeye. Mwishowe nikamwambia "kamwene" ya kikwetu, ambayo haiulizi umri, nikatoka.

Nikapanda gari mpaka kijijini kwa mama. Nilimkuta kibarazani anachambua maharage. Macho yake sasa ni ya kukadiria, akanishika mkono wa koti, akausugua kwa vidole kama anavyojaribu kitenge dukani.

"Hili la baba yako."

"La kwake, mama. Leo nimetimiza hamsini."

Alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Basi baba, unakokwenda baba yako hakufika. Mimi nimepita. Ukipotea niulize mimi."

Nikamuuliza hapo hapo, huko kukoje. Akafikiri. Akasema magoti yanauma, na watu wanakuachia kiti kabla hujakiomba, na vijana wanakuuliza ushauri wa mambo usiyoyajua na inabidi ujibu. Nikamuuliza uzuri wake je. Akasema, "Unalala mchana na hakuna anayekusema." Akanipa sahani, tukachambua maharage wote wawili, mimi na miwani yangu namba mbili nikitoa mawe, yeye akitoa kwa vidole tu, na alinishinda.

Fundi anayejifunza hukata kwa kufuata nguo ya zamani. Ukiilaza juu ya kitambaa, huwezi kukosea sana. Mpaka Februari nilikuwa na nguo ya kufuatisha. Baba alioa akiwa na ishirini na tano hivi, nami hivyo hivyo. Alijenga alipokaribia arobaini, nami hivyo hivyo. Nilipogombana na kaka yangu niliuliza angefanya nini. Kuhusu miaka hamsini na mmoja hana la kuniambia. Kuna siku jambo hili linanipa baridi kuliko ile ndoo ya Julai. Na kuna siku, sitaficha, napiga mluzi njia nzima kwenda dukani, kwa sababu nimefika mahali ambapo nilijiandaa kutofika. Miaka mitano iliyopita sikuanza jambo lolote kubwa, nikisubiri arobaini na tisa ipite kwanza. Hata cherehani ya pili niliahirisha. Nimeinunua wiki iliyopita, Butterfly, bado ina harufu ya mafuta.

Ombi langu kwako, mhariri, ni dogo. Kwenye ukurasa wa salamu tutengee na sisi kona, kwa bei ile ile ya watoto, na umri uandikwe kwa namba, siyo alama ya kuuliza. Nitafurahi kukata kola pembeni yetu.

Jina langu lakini naomba ulihifadhi. Najua nimetoka kuomba tuonekane. Ila wapo wateja wawili watatu hapa stendi niliowaambia nina arobaini na minne, na mmoja wao bado hajalipia suti.

Fundi cherehani,
Makambako, Njombe