Kuacha shule siko kulikomfanya Myers mwandishi

Mhariri,

Walter Dean Myers akitajwa kwa vijana, habari zake hukatwa vipande viwili: mtoto wa Harlem, mtaa wa jiji la New York, aliacha sekondari akaenda jeshini, kisha akawa mwandishi mashuhuri. Katikati pameachwa tupu, na kazi yote ilikuwa huko.

Alizaliwa Martinsburg, West Virginia, tarehe 12 Agosti 1937. Mama yake alifariki mapema, akalelewa Harlem na Herbert na Florence Dean, ambao baadaye alichukua jina lao kwa heshima. Alikuwa na kitata. Mwalimu mmoja alimshauri asome darasani alichokitunga mwenyewe, naye akatunga mashairi akikwepa sauti zilizomshinda. Sekondari ya Stuyvesant hakumaliza; mwaka 1954, siku aliyotimiza miaka 17, alijiunga na jeshi.

Alipotoka jeshini aliishi kwa kazi za kubahatisha huku akiandika. Mwaka 1968 muswada wake wa kitabu cha picha ulishinda shindano la baraza lililotetea watoto wa jamii zote kuonekana vitabuni, na mwaka 1969 ukachapishwa. Kuanzia 1970 hadi 1977 alikuwa mhariri wa kampuni ya vitabu ya Bobbs-Merrill. Miaka hii ndiyo ningeanza nayo darasani, maana hapo aliona uchapishaji ni biashara: muswada hununuliwa au hurudishwa kwa hesabu, si kwa kipaji tu.

Riwaya yake ya kwanza ya vijana, ya 1975, ilianza kama hadithi fupi. Mhariri wa kampuni ya vitabu ya Viking aliidhani sura ya riwaya, akamuuliza yanayofuata. Myers akayabuni papo hapo, akapewa mkataba. Bahati hiyo isiigwe (wengi wetu tungebabaika), kwani yeye mwenyewe baadaye hakuitegemea. Anayeanza huandika sura mbili kwa moto, kisha hukwama kwa kuwa mhusika wake hana tatizo la kumsukuma mbele. Myers alipanga kwanza, kwa visanduku sita: mhusika na tatizo lake, njia rahisi zisizofaa, anachogundua kujihusu, anavyobadilika, hatua anayochukua, na mwisho. Mpango ukikubali, ndipo aliandika kurasa 5 kwa siku.

Na wanaomtumia kuthibitisha kuwa elimu si lazima wajue kwamba alirudi kusoma, akapata shahada Empire State College mwaka 1984, tayari ana vitabu madukani.

Msomaji wenu