Gari la umeme linavuma? Soma kabla hujabandika lami mlangoni

Mwezi huu huyu ni mteja wa tatu kuniambia, “Fundi, pesa zote hizo kwa kubandika makaratasi?” Kazi yangu ni kupunguza kelele ndani ya gari, na naelewa uchungu wake. Lakini siku hiyo hiyo palikuwa na Nissan Leaf, gari la umeme, uani, mwenyewe kaibandika nyumbani, na nataka nieleze tulichokikuta ndani ya milango.

Alinunua roli za lami, ile ya kuzibia paa linalovuja. Kwa macho yafanana na butili yetu, ule mpira wa kunata wa kutuliza mtetemo wa bati: nyeusi, juu ina alumini. Ila gari likishinda juani hapa Mombasa, bati lake launguza kiganja, na lami ile haihimili. Ilikuwa imechuruzika hadi kwenye reli ya kioo, kioo kikawa chapanda kwa kusitasita, na ndani kwanuka kama barabara inayotengenezwa. Kibaya zaidi, aliziba matundu ya chini ya mlango. Ndiyo yanayotoa maji ya mvua yanayopenya kwenye mpira wa kioo! Tulipoufungua na kuufunga mlango, maji yalisikika yakicheza ndani, na kutu ilishashika mshono. Kukwangua lami kwa spachula na mafuta ya taa kulitula siku mbili kabla ya kuanza kazi yenyewe. Alilipa mara mbili, na hilo laniuma hata mimi.

Gari la umeme halina injini ya kuufunika mvumo wa matairi, kwa hiyo wausikia wote. Ndiyo maana sisi huanzia kwenye matairi. Dada mmoja wa Nyali alitaka tufunike sakafu nzima. Nilipopitisha kiganja kwenye tairi la nyuma, kwenda kulikuwa laini, kurudi kukakwaruza kama msumeno. Nilimwambia abadilishe matairi na apime alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, kwanza, sikumtoza kitu. Aliporudi, alihitaji milango na matao ya magurudumu ya nyuma tu.

Kazi yenyewe: betri ndogo ya volti 12 huchomolewa kwanza na gari likaachwa litulie, maana chini ya viti kuna plagi za manjano za eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali. Ukizichomoa gari likiwa limewashwa, waondoka na taa ya eabegi kwenye dashibodi. Waya za rangi ya chungwa, zenye umeme mkali, hatuzigusi, wala hatutoboi sakafu. Betri kubwa iko hapo chini. Bati hupanguswa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, kisha butili ya milimita 2 hukandamizwa kwa rola mpaka vitone vya alumini vilale bapa. Kisipolala, hapo chini pana hewa, na kitabanduka. Hatufuniki bati lote. Robo au theluthi yatosha kuua mtetemo. Kinachozidi ni uzito, na uzito hula chaji. Juu yake huja sponji isiyonywa maji. Sponji ya godoro kwangu haiingii garini, hata mteja ailete mwenyewe.

Tao la gurudumu la nyuma ndilo latuchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu buti la Leaf limeungana na chumba cha abiria na mvumo wapita moja kwa moja hadi sikioni.

Na ukimya wa usiku wa manane siuahidi. Kwa kawaida kipimo changu cha kelele chashuka desibeli 3 au 4. Ili sikio lihisi kelele imepungua nusu, zatakiwa kama 10, na anayekuahidi hizo kwa milango peke yake hakwambii kweli. Utakachopata ni kupungua kwa ule mngurumo mzito unaochosha kichwa ukifika Malindi.

Bei ni ya mafundi wawili kwa siku tatu, pamoja na klipu mpya za kushikilia makava, kwani klipu iliyolegea huzaa mlio usiokuwapo. Lete gari lina chaji ya kutosha: twaenda nalo Mtwapa na kurudi, wewe ukiwa ndani, kabla ya kufungua skrubu hata moja.