B ya binti yetu imegeuzwaje kuwa D?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo lililonikuta nyumbani kwangu hapa Makambako, maana najua kuna wazazi wengine wanaotoa fedha kwa jambo hilihili, kugeuziwa alama za watoto wao ziwe za Kimarekani, msimu huu wa kuomba vyuo vya nje.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Hisabati. Kwa miaka 19 nilikuwa mwalimu wa taaluma, kwa hiyo ripoti zote zilipita mikononi mwangu kabla ya kwenda kwa mkuu wa shule kugongwa mhuri. Mwezi uliopita mjukuu wa dada yangu, aliye kidato cha sita mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), alikuja jioni ameshika bahasha ya kaki. Hata kukaa hakukaa. Baada ya shikamoo akaniuliza, "Babu, kwani mimi nilifeli?"

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi ya wakala mmoja wa kupeleka wanafunzi ng'ambo. Alilipwa Sh150,000, fedha ya viazi vya mama yake binti, ili azigeuze alama za binti ziwe GPA ya Kimarekani, yaani wastani wa alama unaoishia 4. Kushoto ameandika alama za ripoti ya kidato cha nne: Hisabati 71, Fizikia 68, Kemia 66, Biolojia 77, Kiingereza 75, Kiswahili 82, Jiografia 63, Historia 70, Uraia 67. Kulia ameweka herufi: C, D, D, C, C, B, D, C, D. Chini kabisa, kwa wino mzito, GPA 1.67.

Binti huyu Baraza la Mitihani, NECTA, walimpa Divisheni Wani ya pointi 11, daraja la juu kabisa.

Nilivaa miwani nikaisoma karatasi ile mara mbili ndipo nikaelewa kilichofanyika. Wakala amechukua kipimo cha shule nyingi za Marekani, ambako A huanzia 90, B 80, C 70 na D 60, akakilaza juu ya alama zetu. Kwetu kidato cha nne A huanzia 75, B 65, C 45 na D 30. Kwa hiyo Fizikia 68, ambayo kwenye kitabu chochote cha alama nilichowahi kukijaza ni B, imekuwa D. Kiingereza 75, ambayo ni A, imekuwa C. Ni sawa na mtu kupima mchele kwa ratili kisha akatangaza bei ya kilo. Nikachukua kalamu, nikahesabu kwa herufi zetu wenyewe, A ikiwa 4, B 3 na C 2. Ana A tatu, B tano na C moja. Jumla 29, gawa kwa 9, unapata 3.22. Binti yuleyule, ripoti ileile!

Lakini hata hiyo 3.22 nilimkataza asiiandike popote. Marekani hakuna ofisi moja yenye kauli ya mwisho juu ya vyeti vya nje. Wizara yao ya Elimu haivitathmini, kila chuo hujiamulia. Vipo vinavyotaka ripoti ya taasisi za tathmini kama WES ya New York, nayo hutozwa kwa dola. Vingine vina maofisa wao wanaosoma matokeo ya nchi za nje kama yalivyo. Fomu ya Common App, ambayo vyuo vingi huitumia, inamruhusu mwanafunzi ambaye shule yake haitoi GPA kueleza kwamba hana. Hakuna anayemlazimisha kubuni namba. Na namba ya kubuni ina hatari pande zote: ikiwa ndogo inamzika mtoto, ikiwa kubwa kuliko cheti chake ataonekana mwongo.

Wazazi wengi hawajui kuwa ripoti ya shule ina uzito kiasi hicho. Vyuo vingi vya huko hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, wakati watoto wetu hufanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei na matokeo hutoka Julai. Anayeomba akiwa bado shuleni ana cheti cha kidato cha nne na zile ripoti za muhula tu. NECTA nao hutoa herufi, hawatoi alama. Kwa hiyo namba atakazoziona Mmarekani ni zile alizojaza mwalimu wa taaluma, pengine kwa haraka, karatasi nzima bila hata mstari mmoja unaoeleza A inaanzia wapi. Nimesaini ripoti za namna hiyo kwa miaka mingi, na leo roho inaniuma nikizikumbuka.

Kuna na suala la pointi. Kwetu chache ndiyo sifa. Kidato cha nne pointi 7 ndiyo kilele, kidato cha sita ni 3. Kwao namba ikipanda ndiyo uzuri unapanda. Mgeni akiona "pointi 11" bila maelezo ataelewa nini? Tena kidato cha sita E ni ufaulu kamili wa alama 40 hadi 49, na S ni ufaulu mdogo wa 35 hadi 39. Asiyetujua anaweza kudhani E ni kufeli. Waliomaliza kidato cha nne 2014 wana mkanganyiko wao, kwa sababu vyeti vyao vina GPA yetu iliyokuwa inaishia 5, kabla aliyekuwa Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, hajaagiza mwaka 2016 turudi kwenye divisheni.

Ombi langu kwa Wizara na NECTA ni karatasi moja tu ya Kiingereza, yenye mhuri, ioneshe madaraja ya kidato cha nne na cha sita, pointi zinavyohesabiwa, na kwamba mtoto wetu hukaa darasani miaka 13 hadi amalize kidato cha sita, ilhali wao humaliza kwa 12. Iwekwe kwenye tovuti, kila shule iichapishe na kuibana nyuma ya ripoti. Na wazazi, kabla ya kuuza gunia hata moja, ulizeni kwanza EducationUSA, ofisi ya ushauri ya Ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam. Ushauri wao ni bure.

Sisi hatukusubiri. Binti na mimi tulikaa siku mbili tukaandika ukurasa huo wenyewe, tukauchapa stesheneri ya hapa stendi kwa Sh1,000. Mkuu wake wa shule aliusoma akiwa amesimama mlangoni, akaomba abaki na nakala, kisha akagonga mhuri. Mwalimu yeyote wa taaluma wa Njombe anayeutaka aje nyumbani nimpe, kalamu nyekundu ninayo bado na tutapitia pamoja ripoti za shule yake.

Mwalimu mstaafu,
Makambako, Njombe